Nani Atakuwa Bahari Ukiwa Safarini?

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri mbele ya wafugaji wa samaki wa mapambo waliokutana katika ukumbi mmoja mtaani South B, Nairobi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, utani wake pia. Nimeondoa tu pale nilipokohoa na pale spika ilipokataa kazi.

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wa matangi, salaam alaykum na hamjambo.

Nimeombwa nizungumze na wanaoanza kufuga samaki wa maji ya chumvi. Nikitazama viti hivi naona wengi wenu hamuanzi chochote. Mmefuga gapi, mmefuga samaki wa dhahabu, na kuna mzee hapa mstari wa mbele aliyewazalisha sikilidi wa Ziwa Malawi hadi akawa anawagawia majirani kama miche ya sukuma. Ninyi ndio ninaowaogopa. Asiyejua kitu huuliza. Aliyefuga samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, miaka kumi haulizi. Hununua chumvi akakoroga, akatia samaki, na wiki ya pili ananipigia simu saa tano usiku, sauti chini, kana kwamba kuna msiba na hataki watoto wasikie.

Simcheki mtu wa namna hiyo, kwa kuwa mimi nilikuwa na sababu ndogo zaidi ya kukosea. Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Nyumbani tulikuwa na kisima, na maji yake yalikuwa na chumvi: sabuni haitoi povu, na ukiyapikia chai wageni wanatazamana. Utoto wangu wote ulikuwa ni kutafuta maji matamu. Basi nilipompigia mamangu kumwambia kwamba huku Nairobi nimeanza kununua chumvi kwa kilo ili niitie katika maji matamu ya mfereji, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulikikimbia kisima chetu, sasa wachimba kingine sebuleni?" Sijampa jibu mpaka leo.

Kwetu twasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wengi hulitumia neno hilo kumcheka chungu, mdudu mdogo anayedhani ameona bahari. Mimi siku hizi humwonea huruma. Kifuu hakina mto unaoingia wala mawimbi. Jua la mchana mmoja linakikausha nusu. Tangi la lita 100 ni kifuu, na kila kazi ambayo bahari kubwa huifanya bila kuombwa, ndani ya kifuu itafanywa na mtu. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na samaki gani, nami humuuliza: ukiwa safarini, nani atakuwa bahari?

Tuanze na chumvi yenyewe, maana hapo ndipo pesa ya kwanza hupotelea. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Ukisikia hivyo akili inakwenda moja kwa moja dukani: pakiti ya chumvi ya jikoni, mzani, kazi kwisha. Mimi nilijiona mjanja kuliko hapo. Nilisema hiyo ya jikoni imetiwa iodini, siitaki. Nitaagiza chumvi ya mawe kutoka kwetu Pwani, ile ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambayo kila mtu anajua imetoka baharini. Si ni bahari iliyokaushwa? Nikiirudishia maji, nimeirudisha bahari.

Kumbe sivyo. Kwenye mashamba ya chumvi, maji ya bahari huingizwa katika vidimbwi yakaachiwa jua na upepo. Lakini vilivyomo ndani yake havigandi kwa pamoja. Chokaa na jasi hutangulia, kwenye vidimbwi vya mwanzo. Kisha inaganda chumvi tunayoila, sodiamu na kloridi, na hiyo ndiyo inayokwanguliwa na kutiwa magunia. Magnesiamu hubaki nyuma kwenye maji machungu yasiyotaka kuganda. Kwa hiyo lile gunia langu lilikuwa bahari iliyochambuliwa kama mchele, ikaachwa aina moja tu. Katika zile gramu 35, kloridi ni kama 19 na sodiamu karibu 11. Magnesiamu ni gramu 1.3 na kalsiamu ni 0.4 hivi. Ukizitazama namba unaona hizi ndogo hazina maana, lakini tumbawe hujengea nyumba yake hizo hizo ndogo. Bila hizo unamfuga samaki katika mchuzi.

Ile chumvi ya akwariamu inayokuja kwa ndoo kutoka ng'ambo imechanganywa vitu vyote hivyo kwa kipimo. Bei sitaitaja, kwa sababu hupanda pamoja na dola na mwakani mtaniita mwongo. Ni ghali. Nunua hiyo.

Kuna wanaosema, basi tuteke maji yenyewe Mombasa, treni si ipo? Lita moja ya maji ya bahari ni zaidi ya kilo moja. Tangi la lita 200 ni zaidi ya kilo 200, na utataka mengine ya kubadilishia kila baada ya wiki mbili, maisha yako yote. Tena ndani ya yale maji mna viumbe vidogo visivyoonekana. Ukivifungia kwenye jerikeni kwa kilomita 480 hivi, vingi hufa na kuanza kuoza kabla hujafika. Nilijaribu mara moja, kwa basi la usiku. Kifuniko kililegea karibu na Voi. Kondakta wa basi lile tukikutana mjini hunisalimu kwa mbali.

Na maji ya kukorogea? Ya mfereji yana klorini. Ya visima virefu vya mitaa mara nyingi yana floridi nyingi, pamoja na chumvi zake yenyewe zisizo na uhusiano wowote na bahari. Waliokulia sehemu zenye floridi wanajua meno yanavyogeuka kahawia. Tumia yaliyochujwa kwa utando, hata yale ya vibanda vya kujazia mitungi ya lita 20, lakini nenda na kipima chako mfukoni. Utando ukizeeka, muuzaji hakuambii. Utaambiwa na mwani wa kahawia, ukishatanda kwenye kioo chote.

Sasa niwaeleze kisa cha Desemba.

Nilikuwa na tangi la lita 120. Nairobi hewa yetu ni kavu, na tangi lililo wazi juu, lenye taa na pampu, hupoteza maji kila siku. Langu lilikuwa linapoteza kama lita 2. Nikaalikwa harusi Mombasa, siku tisa. Nikamwachia nyumba mtoto wa dada yangu, kijana wa chuo, mwangalifu kuliko mimi. Nilimwandikia ukurasa mzima kuhusu chakula: punje ngapi, saa ngapi, taa izimwe lini, asiguse nini. Juu ya maji niliandika mstari mmoja: "Yakipungua, ongeza." Pembeni mwa tangi palikuwa na majerikeni mawili, moja la maji matamu na moja la maji niliyokwisha kukoroga chumvi.

Niliporudi nilikuta kiwango cha maji sawasawa kabisa, kimefika kwenye alama. Samaki walikuwa wanahema upesi upesi. Kamba wangu msafishaji, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, alikuwa amelala ubavu. Tumbawe laini limejikunja kama ngumi. Nikachukua refraktomita, kile kipima chumvi, nikatia tone: 1.031, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu; chumvi ikizidi, namba hupanda. Nililiacha kwa 1.026.

Kijana wa watu akaniambia, "Mama mdogo, tangi ni la maji ya chumvi, yakapungua, nikaongeza ya chumvi. Nimekosea wapi?"

Nami nawauliza, amekosea wapi? Hesabu yake ni ya mtu mwenye akili. Asichojua, kwa sababu sikumwambia, ni kwamba mvuke huondoka mtupu. Maji hupaa, chumvi hubaki. Lita 18 kwa siku tisa, kila moja ikiwa na gramu zake 35, ni zaidi ya nusu kilo ya chumvi iliyoongezwa juu ya ile iliyokuwamo. Ni kazi ile ile ya Gongoni ikifanyika sebuleni kwangu, na kijana kila asubuhi alikuwa anafungulia kidimbwi. Bahari haifiki hapo kwa kuwa hurudishiwa maji matamu na mvua, na mito: Sabaki inaingia, Tana inaingia. Katika ukurasa wangu mzima wa maagizo sikuandika popote nani atakuwa Mto Tana.

Kamba alikufa. Tumbawe lilikufa. Samaki wawili walipona, nikawa nateremsha chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana kuharakisha kurekebisha nako ni kosa la pili. Siku hizi jerikeni la maji matamu limeandikwa MVUA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, na lile la chumvi linafungiwa kabatini. Na kila ninayemwachia nyumba huwa namwandikia hivyo hivyo. Wengine wananiona nimezidi.

Hapa niseme neno kuhusu tangi dogo. Kila mgeni hutaka kuanza na la lita 30 ili ajaribu kwanza. Kwenye maji ya chumvi, dogo ndilo gumu. Lita 2 zikipaa kwenye lita 300 hakuna anayejua. Zikipaa kwenye lita 30 umegeuza bahari. Kama sebule na mwenye nyumba wataruhusu, anza na lita 150 au 200. Ila uulize kwanza sakafu ya ghorofa ya nne imejengwaje.

Jambo la pili ni amonia, ile sumu itokayo kwa samaki mwenyewe. Mnaijua, lakini hamuijui kwa sura yake ya baharini.

Nilipoweka tangi langu la kwanza kabisa, dukani niliambiwa ningoje siku tatu, halafu nitie samaki. Nikangoja siku tatu kama mtu anayengoja Idi. Nikatia wanne. Baada ya siku sita walikuwa wamekwisha wote, na maji yalikuwa maangavu, yanang'aa kama glasi ya sherehe. Hayo maji maangavu ndiyo yaliyonidanganya.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza huiongeza. Baharini hupotea katika ukubwa wa maji. Kwenye tangi husubiri bakteria waigeuze nitriti, na wengine waigeuze nitriti iwe nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi. Bakteria hao hawaji kwa siku tatu. Wiki 4 hadi 6 ndiyo kawaida, na wakikuta maji yenye joto la chini huchelewa zaidi. Haya yote mnayafanya kwenye maji baridi pia, najua. Tofauti ni kwamba huko mmezoea kusamehewa. Maji yenye pH 7, yaani yasiyoelemea ndimu wala magadi, huishika amonia karibu yote katika hali isiyodhuru sana. Maji ya bahari yana pH ya 8.2 hivi, na hapo sehemu iliyo sumu kali huwa zaidi ya mara 10. Kipimo kile kile ulichokiona miaka kumi bila samaki kufa, huku kinazika.

Kuna kijana aliniuliza mlangoni kama maji ya Ziwa Magadi hayawezi kutumika, yako karibu na yana chumvi. Hapana, ile ni magadi, si bahari. Lakini swali lake zuri, kwa sababu mle ndani mna samaki mdogo, Alcolapia grahami, anayeishi kwenye pH ya karibu 10. Katika maji kama yale amonia haiwezi kumtoka mwilini kama inavyowatoka samaki wengine. Yeye amekata shauri lingine kabisa: hutoa urea, ile taka ya mkojo isiyo na ukali huo, kama mimi na wewe. Kilomita mia hivi kutoka hapa tulipokaa! Samaki wetu wa miamba hajapewa ujuzi huo.

Tena kuna kitu kilichonichukua muda kukielewa. Samaki wa maji baridi, mwili wake una chumvi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji humwingia yenyewe na kazi yake ni kukojoa. Wa baharini mambo yamegeuka. Maji yanamtoka. Yuko ndani ya maji na ana kiu, usiku na mchana anakunywa na kuisukuma chumvi nje kupitia matamvua. Kwa hiyo ukisema umetia dawa kidogo majini, au umeosha mikono kwa sabuni ukasahau kuisuuza, jua kwamba yeye haogi tu humo. Anakunywa.

Basi unangojaje? Unaweka mawe, mchanga, maji, pampu na hita. Hutii samaki. Unatia kamba mmoja wa sokoni, aliyekufa, mbichi, unamwacha aoze. Kila siku tatu unapima. Amonia itapanda, kisha itashuka na nitriti itapanda, kisha nayo itashuka. Zote mbili zikisoma sifuri, na ukitia amonia kidogo ikapotea kwa siku moja, hapo bakteria wamehamia. Wageni watakuja kwako wakuulize mbona unafuga mawe. Wajibu ndiyo, nafuga mawe. Na si uongo: bakteria hao huishi kwenye vijitundu vya jiwe, na jiwe la matumbawe lina vijitundu visivyohesabika. Waliowahi kupapasa kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mawe hayo hayo, wanajua ninachosema. Mkono unatoka umekwaruzika.

Nije kwenye Nairobi yenyewe, maana vitabu vya akwariamu vimeandikwa na watu wanaoishi chini, karibu na usawa wa bahari, na hakuna aliyetufikiria sisi wa juu huku.

Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na kwa hiyo oksijeni inayoingia majini hupungua karibu moja ya tano. Maji ya chumvi nayo kwa asili hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Piga hesabu na mimi: maji baridi yenye joto la nyuzi 25, Mombasa, hubeba kama miligramu 8.3 kwa lita. Yale ya bahari, joto hilo hilo, Mombasa hapo hapo, 6.8. Yapandishe Nairobi, unabaki na 5.5 hivi. Samaki wako ameletwa mlimani bila kuulizwa. Pampu ikizunguka na uso wa maji ukitikisika vizuri anaishi bila shida. Kwa hiyo mimi sioni aibu kuweka pampu kubwa kuliko kitabu kinavyosema. Bahari yangu haina kusi wala kaskazi, haina bamvua wala maji mafu. Ina pampu mbili, na hizo ndizo pepo zake zote.

Pepo hizo zinakula stima. Na stima, ndugu zangu, si lazima niwaeleze.

Usiku mmoja wa mvua za Aprili ilipotea saa saba. Niliamshwa na ukimya. Mfugaji wa samaki huamshwa na ukimya kama mama wa mtoto mchanga. Nikawasha tochi ya simu, nikakuta samaki wote wamekuja juu, midomo kwenye uso wa maji. Sikuwa na betri, sikuwa na inveta, nilikuwa na jagi la plastiki la kutengenezea juisi. Nikateka, nikamimina kutoka juu ili maji yabebe hewa, nikateka tena. Mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mkono mmoja ukichoka nabadilisha. Kwa saa nne mimi ndiye niliyekuwa wimbi, na nawahakikishia wimbi ni kazi ya kibarua. Samaki hakufa hata mmoja, lakini asubuhi yake kazini nilisinzia mbele ya mkurugenzi.

Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua taa nzuri. Ni kitu kidogo. Mwaka mzima kitakaa kabatini na hutakiona cha maana.

Baridi nayo iko, usiku wa Julai nje hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na samaki wa miamba wanataka 25 hivi, zisizopanda na kushuka ovyo. Hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikigoma ikiwa imewaka haina nguvu ya kupika tangi zima. Lakini tuseme ukweli, hapa tumependelewa. Binamu zangu wa Mombasa wanaofuga wanahangaika kuyapoza maji, na mashine ya kupoza ni ghali kuliko hita mara nyingi. Baridi yetu ya Julai ina faida yake.

Taa, mashine ya kukamua povu, tangi la chini la kuchujia: hayo mtayauliza baadaye, na kila muuzaji atawaeleza kwa furaha.

Samaki je? Nitamtaja mmoja wa kutomnunua. Kuna kangaja wa buluu kama anga la Januari, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano, naye anatoka kwenye Bahari ya Hindi hii hii, hadi Pwani yetu. Nilimwona nikasahau yote niliyojifunza. Huyo ni samaki wa kuogelea mwamba mzima kutwa nzima, akila mwani. Mimi nikamtia kwenye kisanduku. Wiki ya pili alitoka madoa meupe kama punje za chumvi. Ugonjwa huo ni wa kidudu kiitwacho Cryptocaryon irritans, na kangaja wa aina hii huupata upesi kuliko wengi. Dawa yake ya kawaida ni shaba, na shaba huua konokono na kamba, kwa hiyo ni lazima samaki atibiwe kwenye tangi la pembeni, na tangi kubwa likae bila samaki karibu miezi miwili na nusu hadi kidudu kife kwa njaa. Sikuwa na tangi la pembeni. Nikampoteza yeye na wenzake watatu. Leo hakuna samaki anayeingia kwangu bila kukaa karantini mwezi mmoja, hata aje na barua ya daktari.

Anza na klauni, wale wanaokaa kwenye anemoni, mnyama laini wa baharini afananaye na ua. Pwani yetu wako, ingawa yule wa chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe mnayemwona kwenye picha si wa kwetu. Wetu ni wa aina nyingine, mmojawapo ni wa kahawia iliyokoza. Wakipatikana waliozalishwa matangini, chukua hao. Ni wagumu, hawahitaji nafasi kubwa, na wala hawahitaji anemoni. Wote huzaliwa madume, na mkubwa wao hugeuka jike. Naona mama kule nyuma amecheka. Ndivyo ilivyo.

Na hili nalisema bila utani. Likizo ya Agosti mtakwenda Watamu au Diani, mtaona jiwe zuri limekaa majini na viumbe vimeota juu yake, mtasema hili moja tu. Msilichukue. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968 na ndani yake hakuna kinachoruhusiwa kutolewa. Nje ya hifadhi pia, samaki wa mapambo huvuliwa kwa leseni, na matumbawe magumu yamo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe ya Pwani yetu yakageuka meupe na kufa kwa wingi. Nilikuwa msichana. Nawakumbuka wavuvi wakirudi wakisema chini kumekuwa kama makaburi yaliyopakwa chokaa. Tumia mawe makavu. Bakteria hawajali jiwe lilikuwa hai au la.

Sasa mniruhusu nimalizie kwa hizi ndoo mlizokuwa mkizitazama pale mlangoni. Ziko 14, za lita 20. Hakuna samaki ndani yake, msifunue mkitafuta. Kila moja ina lita 15 za maji niliyokoroga jana, chumvi sawasawa, na nimechora mstari kwa kalamu mahali maji yalipofika.

Atakaye kuanza maji ya chumvi achukue moja. Uiweke wazi, bila kifuniko, pahali tangi litakapokaa. Kwa siku 30 kazi yako ni kuhakikisha maji yako kwenye ule mstari na chumvi iko pale pale ilipo leo. Basi. Hakuna cha kulisha wala cha kupenda. Utasafiri, utachelewa kazini, foleni ya Mombasa Road itakushika, na ndoo itaendelea kupungua bila kukungoja. Ukiwa na mtu wa kumwachia, mfundishe. Mwezi ujao tukutane hapa, kila mtu na ndoo yake, tupime mbele ya watu. Mwaka jana nilifanya hivi na rafiki zangu tisa. Wanne walirudi na ndoo zilizo sawa. Watatu kati ya hao wana matangi leo, na wa nne alisema ameridhika na ndoo.

Refraktomita hii hapa. Nimeirekebisha asubuhi. Mzee wa sikilidi, njoo utie tone la kwanza, utuambie unasoma ngapi, nasi tuandike.